Mabwana Wawili: Labani na Boazi

Kitabu cha Mwanzo chasimulia habari za Yakobo, mwana wa Izaka. Yakobo alikimbia nyumba ya baba yake kwa sababu Esau, ndugu yake, alikusudia kumwua. Alivuka mto Yordani hana kitu ila fimbo mkononi, akafika Harani kwa Labani, mjomba wake. Labani alimkumbatia, akambusu, akamkaribisha nyumbani, hata akamwambia ataje mwenyewe ujira anaoutaka. Yakobo akatumika miaka 7 ili apewe Raheli awe mke wake. Lakini kulipopambazuka baada ya arusi, aliona kwamba amepewa Lea. Akatumika tena miaka 7. Kisha akatumika miaka 6 kwa ajili ya kondoo na mbuzi. Jumla ni miaka 20. Mchana aliunguzwa na jua, usiku alitetemeka kwa baridi, na mnyama aliyeraruliwa porini alihesabiwa kuwa deni lake. Katika miaka hiyo Labani aliubadilisha ujira wake mara kumi.

Je, Labani hakujua kuhesabu? Alijua sana. Lakini alijua na neno jingine: Yakobo hana pa kwenda. Nyuma yake iko hasira ya Esau, mbele yake iko nyumba ya bwana wake, na katikati hakuna mwamuzi. Mtu asiye na pa kwenda hana pa kushtaki. Na mtu asiye na pa kushtaki, mwenye tamaa humpunja bila hofu. Hiyo ndiyo siri ya utajiri wa Labani.

Ndugu wakatekumeni, Labani alikufa zamani, lakini tabia yake haikuzikwa pamoja naye. Popote wageni wanapoingia kutafuta kazi bila ruhusa ya serikali, Labani husimama mlangoni akiwangojea, naye hutabasamu. Ili kuifahamu tabia hiyo na kuikimbia, inafaa kutazama kwanza nchi ya mbali, yaani Marekani, ambayo imetunga sheria nyingi juu ya jambo hili. Kisha kurudi katika mashamba ya kijiji. Kwa maana dhambi iliyo mti mkubwa kule mbali, hapa karibu huwa na mbegu yake.

HAKI MBILI

Kwanza mkatekumeni afahamu kwamba kuna haki mbili, na Kanisa halikatai hata moja.

Serikali ina haki ya kulinda mipaka yake na kujua ni nani anayeingia. Ndiyo sababu mgeni huombwa hati, yaani barua ya serikali inayosema: mtu huyu ni fulani, ameruhusiwa kukaa, ameruhusiwa kufanya kazi. Amri ya nne ya Mungu yaagiza kuwatii wakubwa halali, kwa kuwa mamlaka yao yatoka kwa Mungu kwa faida ya watu wote.

Lakini baba anayewaona watoto wake wakilala na njaa, naye ana haki ya kutafuta mahali pa kuwalisha. Mungu aliiumba dunia kwa ajili ya wanadamu wote, na mipaka iliwekwa na wanadamu baadaye. Katika mwaka 1952 Papa Pio XII alitoa barua kubwa juu ya wahamiaji, iitwayo Exsul Familia. Humo aliiweka Familia Takatifu ya Nazareti, Yezu, Maria na Yosefu wakikimbilia Misri, kuwa mfano na faraja ya wakimbizi na wageni wote wa kila zamani. Na katika mwaka 2003 maaskofu wa Marekani na maaskofu wa Meksiko waliandika pamoja barua moja, wakazitaja haki zote mbili: haki ya nchi kulinda mipaka yake, na haki ya maskini kuhama ili kujipatia riziki.

Basi haki hizo mbili zikigongana, kazi ya sheria ni kuzipatanisha. Hapo ndipo taabu ilipoanza.

SHERIA YENYE JICHO MOJA

Katika miaka ya vita kuu ya pili, wanaume wengi wa Marekani walikwenda jeshini, na mashamba yakakosa wavunaji. Kuanzia mwaka 1942 serikali ya Marekani ilipatana na serikali ya Meksiko kuwaleta watu wa kazi kwa mikataba. Mpango huo ulidumu hata mwisho wa mwaka 1964, na mikataba ipatayo milioni 4 na nusu iliandikwa. Lakini pembeni mwa hao wenye mikataba, wengine wengi walivuka mpaka bila hati yo yote, na wenye mashamba waliwapokea kwa furaha, kwa sababu hao hawakuwa na mkataba wa kudai.

Katika mwaka 1952, mwaka ule ule wa barua ya Papa Pio XII, Bunge la Marekani lilitunga sheria kubwa juu ya wageni. Sheria ilisema kwamba mtu ye yote atakayemficha au kumhifadhi mgeni asiye na hati ataadhibiwa vikali: faini ya dola hata 2,000, au kifungo hata miaka 5. Ni neno gumu. Lakini ndani yake mliwekwa fungu dogo. Fungu hilo lilisema kwamba kumwajiri mgeni, pamoja na mambo ya kawaida yanayofuatana na kazi yake, hakutahesabiwa kuwa kumficha. Watu waliliita fungu hilo kwa jina la Texas, kwa sababu matajiri wa mashamba ya huko ndio waliolitaka.

Wakatekumeni wapime neno hilo kwa utulivu. Mwanamke maskini anayempa mgeni mahali pa kulala kwa kumhurumia aweza kushtakiwa. Mwenye shamba anayemwita mgeni huyo huyo, akamtumikisha toka alfajiri hata magharibi, hana hatia. Mgeni akikamatwa shambani, yeye hurudishwa kwao, lakini aliyemwita hubaki, na kesho humwita mwingine. Sheria hiyo ilikuwa na macho mawili, lakini jicho moja lilifumbwa kwa makusudi.

SHERIA YA MWAKA 1986

Miaka 34 ilipita. Watu wengi wenye nia njema walisema: haifai kumwadhibu mtumishi peke yake, inafaa bwana naye aadhibiwe. Baada ya mabishano ya miaka mingi, sheria mpya ilipatikana, na Rais Ronald Reagan akaitia sahihi tarehe 6 Novemba 1986. Sheria hiyo ingali ikitumika mpaka leo.

Ilikuwa na sehemu kubwa mbili. Sehemu ya kwanza ilikuwa ya huruma. Wageni waliokuwa wamekaa nchini tangu kabla ya tarehe 1 Januari 1982, pamoja na wengi waliofanya kazi ya mashamba, walipewa nafasi ya kuomba hati. Majimbo mengi ya maaskofu yalifungua ofisi za kuwasaidia wageni kuandika maombi yao. Watu wapatao milioni 2 na laki 7 wakapata hati, wakatoka gizani.

Sehemu ya pili ilikuwa ya adhabu. Kwa mara ya kwanza sheria ya nchi yote ilikataza kumwajiri mtu huku bwana akijua kwamba hana ruhusa. Kosa la kwanza lilikuwa na faini ya dola 250 hata 2,000 kwa kila mfanyakazi. Makosa yaliyofuata, hata dola 10,000. Na mwenye kufanya hivyo kwa desturi aliweza kufungwa miezi 6. Kila bwana aliagizwa kuziangalia hati za kila mtu anayemwajiri, na kutia sahihi katika karatasi maalum kwamba ameziona.

Je, jicho lililofumbwa lilifumbuliwa? Lilifumbuliwa nusu. Sheria ilimwadhibu bwana anayejua, wala haikumtaka awe mpelelezi: hati ikionekana kwa nje kuwa ya kweli, yatosha. Basi Labani akajifunza kutokujua. Hati za uongo zikauzwa sokoni kama nguo. Bwana aliziangalia upesi, akatia sahihi, akanyamaza. Wengine waliweka kapita katikati, mtu wa kuwatafuta wafanyakazi na kuwalipa, ili siku ya mashtaka waseme: hao ni watu wa kapita, si watu wangu. Na mabwana wengine walifanya ubaya wa namna nyingine: waliwakataa hata wageni wenye hati halali, kwa sababu tu ya sura yao au matamshi yao. Wakaguzi wa Bunge lenyewe walieleza katika mwaka 1990 kwamba ubaguzi huo ulikuwa umeenea.

Lakini lililo baya kuliko yote ni hili: sheria iliyotungwa ili kumpiga Labani, Labani aliishika kwa mpini wake. Mfanyakazi akidai ujira wake, bwana humwambia: Nyamaza, au nitawaita askari. Fimbo iliyokusudiwa mgongo wa bwana ikaangukia mgongo wa mtumishi.

HUKUMU YA MWAKA 2002

Mfano mmoja waonyesha jambo hilo. Katika kiwanda kimoja cha plastiki huko California alifanya kazi mtu mmoja mzaliwa wa Meksiko. Aliajiriwa kwa cheti cha kuzaliwa cha mtu mwingine, na hilo lilikuwa kosa. Katika mwaka 1989 yeye na wenzake walitaka kuanzisha chama cha wafanyakazi, jambo ambalo sheria ya nchi inaliruhusu na Kanisa linalisifu. Bwana wao akawafukuza. Baraza la kazi liliamua kwamba bwana amevunja sheria, nalo likaagiza mtu huyo alipwe dola 66,951 kwa ajili ya siku alizokosa kazi. Shauri likapanda hata Mahakama Kuu ya Marekani. Mwezi wa Machi 2002 waamuzi 5 walisema asilipwe, kwa kuwa hakuwa na ruhusa ya kufanya kazi. Waamuzi 4 walikataa neno hilo. Hao wanne walionya kwamba, bwana akijua hatalipa kitu, atazidi kuwatafuta watu wasio na hati, maana kuwadhulumu hakumgharimu.

Isieleweke vibaya. Hukumu hiyo haikusema kwamba bwana aweza kukataa kulipa kazi iliyokwisha fanywa. Ujira wa siku zilizofanyiwa kazi ulibaki deni, hata kwa mtu asiye na hati. Lakini ni maskini gani asiye na hati atakayethubutu kwenda mbele ya mwamuzi kudai deni lake? Haki iko katika kitabu, na hofu iko mlangoni pa mahakama.

SIKU YA POSTVILLE

Katika jimbo la Iowa uko mji mdogo uitwao Postville, wenye wakaaji elfu mbili na kitu. Mji huo uliishi kwa machinjio makubwa ya nyama. Tarehe 12 Mei 2008 askari wa uhamiaji walikuja kwa magari na helikopta, wakayazunguka machinjio, wakawakamata watu 389. Wengi wao walikuwa wakulima maskini kutoka Guatemala, wengine kutoka Meksiko.

Walipelekwa mji wa Waterloo, katika uwanja wa maonyesho ya ng'ombe, wakahukumiwa makundi kwa makundi kwa siku chache. Waliambiwa kwamba, wasipokiri kosa dogo, watashtakiwa kwa kosa kubwa, yaani kutumia nambari ya serikali iliyo ya mtu mwingine. Mkalimani mmoja wa mahakama, Erik Camayd-Freixas, alieleza baadaye kwamba wengi hawakujua hata nambari hiyo ni kitu gani wala ya kazi gani. Waliandikiwa karatasi, wakazichukua. Zaidi ya watu 200 walifungwa miezi 5, kisha wakarudishwa kwao. Mwaka mmoja baadaye, Mei 2009, Mahakama Kuu yenyewe iliamua, waamuzi wote 9 kwa neno moja, kwamba mtu hawezi kuhukumiwa kwa kosa lile kubwa isipokuwa alijua kwamba nambari ni ya mtu mwingine. Lakini wa Postville walikuwa wamekwisha tumikia kifungo chao.

Na mabwana? Wasimamizi wachache wa chini walihukumiwa. Msimamizi mkuu alihukumiwa kifungo cha miaka 27 katika mwaka 2010, lakini kwa sababu ya kuidanganya benki. Mashtaka ya kuwaajiri watu wasio na hati yalifutwa, kwa kuwa ile hukumu ya benki ilionekana kutosha. Katika mwaka 2017 Rais alikifupisha kifungo chake, akatoka. Hivyo waliodanganya kwa hati ili wafanye kazi walifungwa kwa kosa hilo. Aliyekuwa mkuu wa kazi yao hakuhukumiwa kwa ajili yao. Pesa za benki zilipata mwamuzi. Jasho la maskini halikumpata.

Usiku ule, wake na watoto wa waliokamatwa walikimbilia wapi? Walikimbilia kanisa la parokia, lililowekwa chini ya ulinzi wa Mtakatifu Brigita. Mamia walilala humo. Sista aliyeongoza parokia aliwafungulia mlango, na padri mzee aliyekwisha kustaafu alirudi kuwahudumia. Wanawake kadha waliachwa ili watunze watoto wao, lakini walifungwa chombo mguuni cha kuwachunga, wakakatazwa kufanya kazi, wakakatazwa na kuondoka. Wasingeweza kula wala kuhama kama si wakristu na watu wengine wema waliowaletea chakula na kulipa kodi ya nyumba zao kwa miezi mingi. Mgeni alikuja kwao, nao wakampokea. Na siku ya mwisho Bwana Wetu atawakumbusha jambo hilo.

MASWALI MATATU

Swali la kwanza: Mgeni aliyetumia hati ya uongo, je, amefanya dhambi?
Jibu: Uongo ni uongo, nayo amri ya nane haina mlango wa nyuma. Kukubali hati ya mtu mwingine kwaweza pia kumdhuru mwenye hati. Lakini Mungu apimaye mioyo huona pia njaa iliyomsukuma. Naye humwuliza vikali zaidi aliyeujua uongo huo, akaufumbia jicho, akala faida yake.

Swali la pili: Serikali ikimwadhibu bwana anayewaajiri wasio na hati, je, inakosa?
Jibu: Haikosi. Serikali yaweza kuagiza nani afanye kazi katika nchi yake, na ni vema bwana aonywe kuliko mtumishi kupigwa peke yake. Lakini sheria iliyo njema humpa mtumishi pa kushtaki, ili fimbo isigeuzwe. Sheria inayomwacha bila kinywa humsaidia Labani.

Swali la tatu: Bwana aliyemwajiri mtu asiye na hati, je, aweza kumnyima ujira?
Jibu: Hawezi hata kidogo. Hati husema kama serikali imemruhusu mtu kukaa. Haisemi kama jasho lake ni jasho. Kazi ikiisha kufanywa, ujira si zawadi, ni mali ya aliyeifanya. Anayeuzuia amekuwa mwizi kwa amri ya saba.

Tena mkatekumeni akumbuke alivyofundishwa katika Katekisimu: ziko dhambi nne zinazolia mbinguni kudai kisasi mbele ya Mungu. Moja yao ni kuwaonea maskini, na nyingine ni kuwanyima wafanyakazi ujira wao. Mtume Yakobo aliwaonya matajiri kwamba ujira waliouzuia kwa wavunaji wao unapiga kelele, na kilio cha wavunaji kimefika masikioni mwa Bwana. Naye Papa Leo XIII, katika barua yake ya mwaka 1891 juu ya wafanyakazi, alilirudia onyo hilo mbele ya matajiri wa dunia yote. Mwamuzi wa duniani humwuliza mlalamikaji hati yake kabla ya kumsikiliza. Mungu haulizi. Husikia kwanza.

Na sheria ya Musa ilikuwa imekwisha kukata shauri hili zamani: kibarua maskini, awe ndugu au awe mgeni aliye katika nchi, alipwe siku ile ile kabla jua halijatua, kwa sababu ameutundika moyo wake juu ya ujira huo. Awe ndugu au awe mgeni: hayo ndiyo maneno ya kushika.

BWANA WA PILI

Baada ya Labani, Maandiko Matakatifu yaonyesha bwana mwingine. Jina lake Boazi, mwenye shamba wa Betlehemu. Siku moja, wakati wa mavuno ya shayiri, alimkuta shambani mwanamke asiyemjua, akiokota masuke nyuma ya wavunaji. Akauliza ni nani. Akaambiwa ni Ruthu, Mmoabi, mgeni wa kabila ambalo watu wa Israeli hawakulipenda, mjane asiye na mtu ila mama mkwe wake mzee.

Ruthu alikuwa na udhaifu ule ule wa Yakobo: hakuwa na pa kwenda, hakuwa na pa kushtaki. Labani angeliona udhaifu huo, akafurahi. Boazi aliuona, akaogopa Mungu. Aliwaagiza vijana wake wasimguse wala kumwaibisha. Alimwambia anywe maji katika mitungi yao. Wakati wa chakula alimketisha pamoja na wavunaji, akampa bisi akashiba na kusaza. Tena aliwaambia watu wake kwa siri waangushe masuke kwa makusudi, ili aokote kwa wingi bila kuona haya. Jioni Ruthu alirudi kwa mama mkwe wake na shayiri nyingi mgongoni, na heshima yake nzima.

Boazi alimwoa Ruthu kwa haki mbele ya wazee. Wakamzaa Obedi, Obedi akamzaa Yese, Yese akamzaa mfalme Daudi. Na Mtakatifu Matayo, alipoandika ukoo wa Bwana Wetu Yezu Kristu, hakulificha jina la Ruthu. Damu ya mgeni yule imo katika damu iliyomwagika msalabani. Kama Boazi angalimfukuza au kumpunja, angalimpunja bibi wa Mkombozi wake.

SHAMBA LA KIJIJINI

Sasa mkatekumeni arudi nyumbani kwake. Huko hakuna machinjio makubwa wala Mahakama Kuu. Lakini vita na njaa huwasukuma watu kuvuka mipaka, na mgeni hufika kijijini jioni, ana mke, ana mtoto mgongoni, hana karatasi, hana ndugu. Huomba kibarua. Mwenye shamba humwonyesha mahali pa kulima, nao hupatana ujira: kiasi hiki cha fedha, au vikapu hivi vya mihogo. Mgeni hulima wiki tatu. Siku ya malipo mwenye shamba huanza kutafuta makosa: matuta hayakunyoka, jembe limevunjika, chakula cha mchana kilikuwa na bei. Mgeni akisema neno, huambiwa: Wewe si wa hapa, nikikupeleka kwa chifu utafungwa. Mgeni huinamisha kichwa, humchukua mkewe na mtoto, huondoka. Kijiji hakisikii kitu. Lakini mbinguni sauti imekwisha kufika.

Mwenye shamba huyo pengine anajua sala zote. Pengine hakosi mafundisho hata siku moja, na ana tumaini la kubatizwa Pasaka ijayo. Basi ajue kwamba maji ya ubatizo huondoa dhambi ya anayetubu, na anayetubu hurudisha mali ya watu. Zakayo hakumwambia Bwana Yezu kwamba anasikitika tu. Alisimama, akaahidi kurudisha mara nne. Siku ile ndiyo wokovu ulipoingia nyumbani mwake. Anayeshika ujira wa mgeni mkononi atapokeaje mshumaa wa ubatizo kwa mkono huo huo?

Kwa hiyo, kabla ya kuandikisha jina lake kwa ubatizo, kila mkatekumeni na ajihoji usiku, peke yake, mambo haya matatu. Je, yuko mtu aliyenifanyia kazi, akaondoka bila ujira wake wote? Je, nilimtisha mtu kwa ugeni wake ili anyamaze? Je, nilimwona mwenzangu akifanya hivyo, nami nikacheka au nikanyamaza? Moyo ukijibu ndiyo, asingoje. Amtafute mgeni yule kesho asubuhi, ampe haki yake. Kama ameondoka na njia yake haijulikani, amwendee padri au mwalimu wa dini, aulize namna ya kulipa deni hilo kwa maskini wengine.

Na kuanzia sasa, mgeni akija kuomba kazi, mwenye shamba asimfiche kwa wakubwa ili amtumikishe gizani. Amtaje kwa chifu waziwazi, amsaidie kutafuta hati kama njia ipo, wapatane ujira mbele ya mashahidi, amlipe jua halijatua. Mgeni akiwa na shahidi, amepata kinywa. Na penye kinywa Labani hana nguvu.

Yezu mtoto alivuka mpaka usiku, mgongoni mwa punda, akimkimbia Herode. Yosefu seremala alifika Misri hana karakana, hana ndugu, naye ilimpasa kutafuta kazi kwa watu asiowajua. Maandiko hayasemi ni nani aliyempa kazi hiyo, wala kama alimlipa ujira wote. Mungu Baba anamjua. Na kila mgeni anayesimama leo mwishoni mwa shamba, jembe begani, akiuliza kama kuna kibarua, anampa mwenye shamba nafasi ya kuwa mtu yule.